Virutubisho vya nyongeza visiwani Zanzibar

Virutubisho vya nyongeza ni vidonge, kapsuli, unga, maji au jeli ambayo mtu hutumia mbali na chakula chake cha kawaida ili kuongeza mwilini vitamini, madini, mafuta maalumu au dondoo za mimea. Watu wengi huviita "vidonge vya vitamini", na vile vyenye madini ya chuma huitwa "vidonge vya kuongeza damu". Si dawa ya kutibu maradhi, ingawa baadhi yake hutolewa hospitalini kama sehemu ya tiba.

Visiwani Zanzibar virutubisho hivi hupatikana kwa njia mbili. Baadhi hutolewa bure katika vituo vya afya, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Vingine huuzwa katika maduka ya dawa, sokoni, mitandaoni na kwa wachuuzi wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwa jumla, vile vinavyotolewa bure ndivyo vyenye ushahidi mkubwa zaidi wa kisayansi, na vingi kati ya vile vya bei kubwa havina. Visiwa hivi pia vina nafasi ya pekee katika historia ya somo hili, kwa sababu jaribio moja lililofanyika Pemba lilibadili miongozo ya dunia kuhusu madini ya chuma kwa watoto.

## Historia

Maradhi yanayotokana na upungufu wa vitamini yalijulikana kabla ya vitamini zenyewe. Mabaharia wa safari ndefu walipatwa na kiseyeye: fizi zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika makundi ya watu wawili wawili, akalipa kila kundi kitu tofauti. Wawili waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopona haraka. Neno "vitamini" lilitungwa na Casimir Funk mwaka 1912, na katika miongo iliyofuata vitamini moja baada ya nyingine zilitambuliwa, kisha zikaanza kutengenezwa viwandani.

Mafanikio hayo yalizaa dhana kwamba, ikiwa kidogo kinaponya, basi kingi kitaponya zaidi. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu virutubisho kuuzwa bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba vinafanya kazi. Baada ya hapo biashara hii ilipanuka sana, na bidhaa zake zimefika mpaka maduka ya Darajani na vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja.

## Virutubisho vilivyothibitishwa

Virutubisho vifuatavyo vina manufaa yaliyothibitishwa kwa makundi maalumu ya watu:

* Madini ya chuma na asidi ya foliki kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku katika kipindi chote cha ujauzito. Huzuia upungufu wa damu kwa mama na hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.
* Asidi ya foliki kabla ya mimba. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anashauriwa kuanza kutumia miligramu 0.4 kwa siku mapema na kuendelea kwa wiki 12 za mwanzo, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya aina ya mgongo wazi, walipotumia kipimo kikubwa cha miligramu 4 kwa siku, walipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72.
* Vitamini A kwa watoto. Watoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa tone la yuniti 100,000 mara moja, na wa miezi 12 hadi 59 hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita. Hulinda macho na kupunguza vifo mahali penye upungufu.
* Zinki kwa mtoto anayeharisha. Hutolewa pamoja na maji ya chumvichumvi (ORS): miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Hufupisha muda wa kuharisha.
* Madini joto (iodini). Njia bora ya kuyapata ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Huzuia rovu na kudumaa kwa akili ya mtoto aliye tumboni.
* Vitamini B12 kwa wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa baadhi ya wazee, na kwa wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo.
* Vitamini D kwa watoto wenye matege na kwa watu ambao ngozi yao haipati jua la kutosha. Upungufu wake umeonekana hata katika nchi zenye jua kali kama zile za Ghuba, kwa sababu ya mavazi ya kujisitiri na kukaa ndani.

Kila mstari wa orodha hii unataja nani anahitaji, kiasi gani na kwa muda gani. Kidonge kinachosemwa kuwa kinamfaa kila mtu, kwa kila maradhi na kwa maisha yote, hakifanani na chochote kilicho katika orodha hii.

## Jaribio la Pemba

Miaka ya 1990 uchunguzi wa watoto wa shule kisiwani Pemba ulionyesha kwamba upungufu wa damu ulikuwa umeenea na kwamba sababu yake kubwa ilikuwa safura, yaani minyoo inayonyonya damu katika utumbo. Kadiri minyoo ilivyokuwa mingi, ndivyo upungufu wa chuma ulivyokuwa mkubwa. Ilionekana ni jambo la busara kuwapa watoto wote wadogo madini ya chuma, bila kuwapima mmoja mmoja.

Kabla ya kulieneza wazo hilo, lilijaribiwa. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine chuma, asidi ya foliki na zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya watoto 24,076 yalichapishwa katika jarida la *The Lancet* mwaka 2006. Waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Kamati huru iliyosimamia usalama ilishauri sehemu hiyo ya jaribio isimamishwe, na ilisimamishwa Agosti 2003.

Wakati ule malaria ilikuwa imeenea sana Pemba. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba chuma cha ziada, kwa mtoto asiye na upungufu, huwasaidia vimelea vya malaria na bakteria kustawi. Mambo mawili yanaunga mkono maelezo hayo. Kwanza, katika kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na vidonge badala ya kudhurika. Pili, jaribio kama hilo lililofanyika wakati uleule kusini mwa Nepal, ambako hakuna malaria ya kiasi hicho, halikuonyesha madhara hayo, wala halikupunguza vifo.

Kutokana na Pemba, WHO ilibadili ushauri wake. Leo katika nchi zenye malaria, watoto hupewa chuma pale tu panapokuwa na mipango ya kuzuia, kupima na kutibu malaria. Huko Zanzibar malaria ilipungua sana baada ya vyandarua na dawa mseto kuenea kuanzia mwaka 2003, hivyo hali ya leo si ile ya wakati wa jaribio. Somo lililobaki ni kwamba kirutubisho kilekile huweza kumponya mwenye upungufu na kumdhuru asiye nao.

Sehemu ya zinki iliendelea hadi mwisho. Matokeo ya watoto 42,546, yaliyochapishwa mwaka 2007, hayakuonyesha kwamba kumpa kila mtoto zinki kila siku hupunguza vifo kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa. Zinki imebaki kuwa tiba ya kuharisha.

## Majaribio ya Dar es Salaam

Kuanzia mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa urahisi. Vidonge vyenye vitamini B, C na E vilipunguza vifo vya watoto tumboni na idadi ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo, tena vikachelewesha ugonjwa kuzidi kwa mama. Lakini vitamini A iliyotolewa katika jaribio hilohilo iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2007, liliwahusisha wajawazito 8,468 wasio na virusi. Vitamini mchanganyiko, zikiongezwa juu ya chuma na asidi ya foliki, zilipunguza watoto wenye uzito mdogo kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Baadaye watafiti waliuliza ikiwa kipimo kikubwa ni bora kuliko cha kawaida kwa wagonjwa walioanza dawa za kufubaza virusi. Jaribio hilo la watu 3,418 lilisimamishwa mapema mwaka 2009: kipimo kikubwa hakikuongeza faida yoyote, na vipimo vilionyesha dalili za ini kuathirika.

## Chakula cha pwani

Matemwe ni kijiji cha Wilaya ya Kaskazini A, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kinachokabili kisiwa cha Mnemba. Wakazi wake huvua samaki na pweza, hulima mwani na mazao ya chakula, na wengi hufanya kazi katika utalii. Vyakula vya pwani kama hii vina virutubisho vingi vinavyouzwa katika chupa:

* Vibua, jodari na dagaa wana mafuta ya omega-3. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake huongeza kalsiamu.
* Pweza na chaza wana chuma, zinki na vitamini B12.
* Mchicha, kisamvu, mtoriro na majani ya mlonge yana asidi ya foliki na viini vya vitamini A.
* Embe, papai na viazi vitamu vya rangi ya manjano huongeza vitamini A. Mapera, machungwa na ndimu huongeza vitamini C.

Hata hivyo, kuishi kando ya bahari si dhamana ya lishe bora. Samaki wazuri huuzwa mjini na mahotelini, na wakati wa upepo mkali wa kusi uvuvi hupungua. Mfano wa wazi ni madini joto. Ilidhaniwa kwamba walaji wa samaki hawawezi kuyakosa, lakini utafiti uliofanyika mwaka 2001 na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa asilimia 21.3 ya watoto wa shule Unguja na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini hayo ilikutwa katika asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja, na asilimia 1 tu ya nyumba za Pemba. Visiwa vinavyozalisha chumvi yao wenyewe kutoka baharini vilihitaji kuitia madini kama ilivyo bara.

Mwani unaolimwa Unguja tangu mwaka 1989 sasa huuzwa pia kama jeli au unga wa afya. Kiasi cha madini joto katika mwani hutofautiana kwa aina, mahali na majira. Madini joto yakizidi hudhuru tezi la shingo, na mwani huweza kufyonza metali nzito kutoka katika maji machafu. Mwenye ugonjwa wa tezi na mjamzito wasiutumie kila siku bila kumwuliza daktari.

Habbasoda na unga wa mlonge hutumiwa sana visiwani. Majani ya mlonge ni mboga nzuri. Habbasoda imeonyesha, katika majaribio madogo, kupunguza kidogo sukari na shinikizo la damu. Hakuna kati ya viwili hivi kinachoweza kuchukua nafasi ya dawa za kisukari au presha. Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha dawa zake alizoandikiwa.

## Visivyothibitishwa na vyenye madhara

Jaribio kubwa la Marekani la watu 25,871, ambalo matokeo yake makuu yalitoka mwaka 2018, halikuona kwamba vitamini D au mafuta ya samaki hupunguza saratani au magonjwa makubwa ya moyo kwa watu wazima kwa jumla. Kwa vidonge vya vitamini mchanganyiko kwa watu wenye afya, jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kuvipendekeza.

Baadhi vimedhuru. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa, na waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 (matokeo yalichapishwa mwaka 1994). Vitamini E ya kipimo kikubwa iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika utafiti wa mwaka 2011. Vitamini A ya vidonge ikizidi yuniti 10,000 kwa siku huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Kundi la hatari kuliko yote ni bidhaa za kuongeza nguvu za kiume, kupunguza unene na kujenga misuli. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta ndani yake dawa zilizofichwa bila kutajwa: sildenafili, ambayo ikichanganyika na dawa za moyo za jamii ya naitrati huweza kuua, sibutramini, iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo, na homoni za steroidi. Bidhaa ya "mitishamba mitupu" inayofanya kazi ndani ya saa moja inapaswa kutiliwa shaka kwa sababu hiyohiyo.

## Namna ya kuchagua

Kabla ya kununua, mtu anaweza kujiuliza maswali haya kwa utaratibu:

1. Je, nina upungufu? Uchovu una sababu nyingi. Kipimo cha damu, choo na mkojo huweza kuonyesha safura au kichocho, na hapo dawa ya minyoo ndiyo inayotakiwa kwanza. Kumeza chuma huku minyoo ikinyonya damu ni kujaza maji mtungi uliotoboka.
2. Je, chakula kinaweza kuziba pengo? Bei ya chupa igawanywe kwa idadi ya siku, kisha ilinganishwe na fungu la dagaa na mboga.
3. Je, kinapatikana bure? Mjamzito aanzie kliniki.
4. Je, lebo inasema kiasi halisi? Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Kabonati ya kalsiamu ya miligramu 500 ina miligramu 200 za kalsiamu. Lebo inayotaja "mchanganyiko maalumu" bila vipimo haifai.
5. Je, kiasi hicho kimevuka mpaka? Kwa mtu mzima mwenye afya, mipaka ya juu kwa siku inayotumiwa Marekani ni: chuma miligramu 45, zinki 40, vitamini C 2,000, vitamini B6 100, vitamini D yuniti 4,000. Mikrogramu moja ya vitamini D ni sawa na yuniti 40. Vidonge vya aina mbili huweza kuwa na kitu kilekile, hivyo hesabu zijumlishwe.
6. Je, kimekaguliwa? Kitazamwe kama kina jina na anwani ya mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kwisha muda na usajili. Alama za taasisi huru kama USP au NSF huthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Hazithibitishi kwamba kinaponya.
7. Je, anayekisifu ndiye anayekiuza? Ushuhuda wa mtu mmoja si utafiti.

## Matumizi

Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa. Kidonge cha chuma kimezwe saa moja au mbili mbali na chai, ikiwezekana pamoja na maji ya ndimu au chungwa. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida. Kalsiamu na chuma zimezwe nyakati tofauti, na zote mbili zitenganishwe kwa saa kadhaa na doksisaiklini, siprofloksasini na dawa ya tezi ya levothairoksini.

Asidi ya foliki ya miligramu 5 au zaidi kwa siku hupunguza nguvu ya dawa ya SP inayotumika kuzuia malaria kwa wajawazito. Kipimo cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo. Vitamini K hupunguza nguvu ya wafarini. Biotini ya kipimo kikubwa huweza kupotosha majibu ya maabara, kwa hiyo mpimaji aambiwe.

Mwezi wa Ramadhani vidonge vya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe au nguruwe, hivyo Waislamu hutafuta zenye alama ya halali, au zilizotengenezwa kwa samaki au mimea.

Vidonge vihifadhiwe pakavu, mbali na jua na mikono ya watoto. Vidonge kumi vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja vinatosha kumtia mtoto wa kilo 10 katika hatari ya kufa. Akivimeza, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yake, hata kama anaonekana mzima.

## Usimamizi

Zanzibar ina sheria yake ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2006, inayosimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Tanzania Bara ina mamlaka zake: mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na iliyokuwa TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa sababu hiyo, bidhaa iliyosajiliwa upande mmoja haina maana kwamba imesajiliwa upande wa pili. Mnunuzi mwenye shaka anaweza kuuliza ZFDA, au kuonyesha chupa yake kwa mfamasia au mhudumu wa kituo cha afya kabla ya kuifungua.

## Tazama pia

* Vitamini
* Upungufu wa damu
* Safura
* Rovu
* Mwani
* Matemwe

*Makala hii ni ya elimu kwa jumla na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari.*